Injini ya Badala

Wengi hudhani kwamba anayetafuta injini ya kubadilisha huuliza jambo moja tu: ipi ina nguvu zaidi? Wajukuu wangu wamo katika kundi hilo, na fundi wangu pia.

Pikipiki yangu ni BMW R 80 RT ya mwaka 1983, yenye kava kubwa la mbele la kukinga upepo wa safari ndefu. Niliinunua kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, nami nikiwa bado mkuu wa chuo cha ualimu. Mama watoto amekaa nyuma yangu toka Iringa hadi Morogoro, zaidi ya kilomita 300, mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Mwaka jana bloku ilipasuka pale inapokaa beringi ya krenki, na ufa wa mahali hapo hauchomelewi ukaaminika. Watoto wakasema niuze vyuma; mzee wa miaka sabini na minne, mabasi yapo. Ni kweli yapo. Ila dereva wa basi hamsubiri mtu achague vitunguu vyake kwa nafasi pale Ruaha Mbuyuni.

Nikapata injini mbili. Ya kwanza ilikuwa Nairobi, imetoka kwenye R 100 RT ya 1979: nguvu za farasi 70, na yangu ni 50. Kwa nje ni mapacha. Mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 70.6; kilichoongezwa ni upana wa silinda, kutoka 84.8 hadi 94. Hata zile bolti mbili ndefu zinazoishika injini kwenye fremu zingepita bila nyundo, na hapo ndipo watu wanaponasa, kwani kuingia si kupatana. Kabla ya modeli za 1981 BMW walifunga flaiwili nzito, na giaboksi yangu haikubali klachi ya aina hiyo. Tena difu ya R 80 imepangiwa mwendo mfupi zaidi. Injini ya R 100 ingezunguka kwa kasi kuliko ilivyozoea, ikipiga kelele barabarani bure.

Ya pili ilikuwa Ujerumani, ya R 80 ya 1990, nayo nilitafutiwa na mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi huko. Nguvu ni zile zile 50, na mjukuu wangu mkubwa alisikitika waziwazi. Lakini injini za 1981 hadi 1984 zilijulikana kwa siti za valvu zinazolika mapema, na petroli yenye risasi, iliyokuwa ikizihifadhi, iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Za baadaye zilipewa siti ngumu zaidi. Kwa mtu anayepanda Kitonga na mkewe nyuma, injini inayosukuma vizuri chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika yatosha.

Kabla sijatuma pensheni yangu nilidai vipimo vya kompresheni vya silinda zote mbili, si picha. Vilikaribiana sana, nikalipa.

Sasa imefika karakana. Fundi anataka kuifunga leo. Nimemwambia asubiri, maana namba ya injini kwenye kadi ya usajili lazima ibadilishwe kwanza. Mama watoto ameshaulizia helmeti yake iko wapi.