Mkono Kichwani

Jumatatu, 4 Machi 2024. Kashikishi
Ziwa limefunguliwa Ijumaa baada ya miezi mitatu ya marufuku ya uvuvi, na mitumbwi inashusha samaki waitwao "pale". Tangu alfajiri nimebeba mabeseni kichwani, kama nilivyobeba kwetu Pweto kabla ya vita kutuleta huku. Jioni maumivu yametoka shingoni, yakapita nyuma ya bega la kulia hadi kidole cha kati. Yanachoma.

Jumatano, 6 Machi
Sikulala. Nikiweka kiganja utosini napata nafuu, kwa hiyo sokoni nimekaa hivyo mchana kutwa. Mama anayeuza mihogo akanijia mbio: "Dada, umefiwa na nani?" Mkono kichwani kwetu ni msiba. Nilishindwa hata kumjibu.

Ijumaa, 8 Machi
Kliniki. Tabibu hakuushika mkono, alianza na shingo. Akakilaza kichwa upande wa kulia, akakibonyeza taratibu. Moto ukashuka hadi kidoleni. "Mkono mzima huu, mama. Kinachouma kiko juu."

Akanieleza: shingo ina pingili 7, na jozi 8 za neva hutoka kandokando yake. Kati ya pingili kuna diski laini. Ikituna, au mfupa ukiota kijino, shina la neva hubanwa, na maumivu husikika kule neva inakokwenda. Neva ya sita huishia gumba, ya saba kidole cha kati, ya nane kidole cha mwisho. Yangu ni ya saba. Aliponiambia nimsukume, mkono wa kulia ulilegea kiwikoni. Na kiganja utosini? Mkono ukiinuliwa, neva haivutwi tena.

Wengi hupona bila kisu, kwa wiki kadhaa au miezi michache. Nimepewa vidonge, na mizigo ya kichwani nimekatazwa.

Jumamosi, 9 Machi
Bibi jirani ametaka kunizungusha shingo kwa nguvu ili ilie. Ananipenda, lakini nimekataa. Tabibu alisisitiza: miguu ikiyumba, mikono yote miwili ikiishiwa nguvu, au mkojo ukigoma, niende hospitali siku hiyohiyo.

Jumapili, 14 Aprili
Kata yangu ya kitenge, ya kuwekea beseni kichwani, nimeitundika ukutani. Samaki sasa wanabebwa kwa baiskeli, namlipa kijana kila safari. Leo nimesukuma mlango kwa mkono wa kulia, ukafunguka. Ncha ya kidole cha kati bado ina ganzi.