Nguvu za Mwanamke

Mama yangu alijitwika debe la maji la kilo 20 kila alfajiri, wala hakuna aliyenena kuwa misuli itamharibia uzuri. Siku binti yangu aliponyanyua chuma cha uzito uo huo kwa afya yake, majirani walisema anajigeuza mwanamume. Basi aibu haikuwa katika uzito; ilikuwa katika kujifaidi. Michezo ya Olimpiki ilikubali wanaume wanyanyuao vyuma mwaka 1896, na wanawake mwaka 2000: miaka 104 ya kungoja ruhusa! Mzigo usio na pumziko humchakaza mtu. Zoezi la kiasi huimarisha misuli na mifupa. Mama alizeeka amepinda mgongo. Namwombea binti yangu uzee wa kusimama wima.