Mgongo wa Kibao

Nilianza kazi ya kujalidi vitabu mwaka 1979, katika chumba cha nyuma cha kiwanda kimoja cha uchapaji, Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Tulishona leja, daftari na vitabu vya stakabadhi. Fundi aliyenifundisha alikuwa mzee wa upande wa Lamu, na hakuchoka kutukumbusha kwamba Siyu, kisiwani Pate, watu walinakili misahafu na kuitia nakshi zamani sana, kabla babu zetu hawajaona mashine ya chapa. Mzee alikuwa na chumvi nyingi, lakini kuhusu Siyu alisema kweli.

Miaka ya mwanzo ya 1980 gundi ya dukani iliadimika kama sukari. Tulipika uji wa unga wa ngano, tukautia mrututu kidogo ili mende wasiufanye chakula. Sufuria tuliyopikia haikurudi jikoni tena, maana mrututu ni sumu. Kabla ya kutia mrututu, mzee alichota kibakuli kimoja, akakoroga rangi ndani yake na kuipaka kwenye karatasi ya kaki. Ikiwa bado mbichi, alipitisha kitana cha mbao: moja kwa moja, kisha kwa kuyumbisha mkono. Yakatokea mawimbi, magamba ya samaki, mikeka. Wajerumani wa Herrnhut walikuwa wakifanya vivyo hivyo katika karne ya 18, jambo nililokuja kulisoma nikiwa mtu mzima. Mzee hakuwa na habari nao, na sidhani angewajali. Karatasi hizo ndizo tulizobandika ndani ya majalada ya leja, mahali ambapo mhasibu aliziona mara moja tu, siku ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Nilipostaafu niliweka meza yangu barazani, Temeke. Mpwa wangu akamaliza masomo ya uuguzi, nami sikuwa na fedha za kumnunulia saa. Karatasi nilikuwa nazo. Nikanunua klipubodi ya kawaida Kariakoo, ile ya hadibodi ya kahawia, nikaamua kuivika.

Kwanza klipu itoke. Wengi hukata karatasi kuizunguka klipu, na hapo ndipo kazi inapoonekana ya mtoto wa shule. Mimi huzitoboa ribiti kutoka nyuma kwa keekee, klipu ikang'oka, halafu nikapiga msasa ule uso unaong'aa hadi ukwaruzike, la sivyo gundi haishiki. Karatasi huzidi kibao kwa sentimita mbili kila upande. Kwenye pembe naikata mshazari, lakini sigusi ncha ya kibao; naacha nafasi kidogo kuzidi unene wa hadibodi, ili pembe isichungulie.

Kisha kuna nyuzi za karatasi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Lowesha kipande upande mmoja tu, kitajikunja kuwa bomba, na bomba hilo linakuonyesha nyuzi zilikoelekea. Nazilaza kwa urefu wa kibao. Karatasi ikinywa gundi hutanuka, ikikauka hujikaza, na kibao kilichovikwa mbele tu kitapinda kikifuata karatasi yake. Nimeona zawadi nyingi nzuri zilizopinda hivyo. Ukiziweka mezani kuandika, zinacheza. Dawa yake ni kubandika karatasi nyuma pia, ivute kwa nguvu ileile. Halafu kibao kilale chini ya matofali mpaka asubuhi, kikiwa katikati ya karatasi za nailoni.

Karatasi za kufungia zawadi, zile za kumetameta, nazikataa. Ngozi yao ya plastiki hailowi, gundi inabaki chini yake na kufanya malengelenge. Kaki kutoka kiwanda cha karatasi cha Mgololo ni bora mara mia. Vanishi napaka mara mbili, nyembamba nyembamba, na klipu inarudi kwa skrubu na nati, kwa kuwa sina mashine ya kupigia ribiti mpya.

Mpwa wangu alipokirudisha nikakaze nati, alicheka. "Mjomba, wagonjwa wananiuliza nimekinunua wapi. Mimi mwenyewe sioni maua yako, nimeyafunika kwa fomu."

Ilikuwa kweli. Mbele kuna karatasi ya A4 kutwa nzima. Mgongo ndio unaowatazama watu. Tangu siku hiyo karatasi yangu nzuri zaidi ninaiweka nyuma, na mbele naweka kaki tupu.

Najua kibao kinapunguziwa kazi. Sensa ya 2012 makarani walikuja na madodoso ya karatasi. Ya 2022 walikuja na vishikwambi. Ila wauguzi bado wanaagiza, na walimu wa michezo, na siku hizi washereheshaji wa harusi, ambao wanataka kibao kifanane na rangi za sherehe. Hao ndio wabishi. Mmoja alitaka jina lake kwa rangi ya dhahabu, mbele, juu kabisa. Nikamweleza habari ya ratiba kulifunika. Akasema yeye ndiye anayelipa. Nikamwandikia mbele kama alivyotaka, na nyuma nikabandika ile ya kitana, mawimbi ya buluu. Hiyo sikumtoza.