Namba Saba Hajalipa

Kanisani kwetu Mwanga, Kigoma, ushuhuda wa baa haufiki mimbarini. Mchungaji alinishauri kwa upole, "Mama, hapo kwenye bia uparuke." Nikiparuka hapo hakibaki cha kushuhudia, kwa hiyo nilinyamaza miaka mingi. Leo nasema yote.

Kabla ya kuwa baa, nyumba yetu ilikuwa ya kulala wageni, wala si hoteli ya wakubwa. Wakubwa walilala Railway Hotel, kule ufukweni. Sisi tulipokea makarani, wachuuzi wa dagaa na yeyote aliyekuwa anangoja. Kigoma ndio mwisho wa reli tangu 1914, na reli inapoishia meli ndipo zinapoanzia. Abiria alishuka kwenye treni na mabegi yake, akatafuta kitanda mpaka Jumatano meli ya Liemba ipige honi kuelekea Mpulungu. Meli ikichelewa siku tatu, sisi tunakula siku tatu.

Ng'ambo ya ziwa kukichafuka, tunashiba kabisa. Hili nimechukua muda kulikiri. Jane Goodall alipofika hapa Julai 1960, akielekea Gombe kuangalia sokwe, aliukuta mji umefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo, hata yeye na mama yake wakaishia kupiga hema kwenye eneo la gereza. Wazee walionitangulia kazini walizisimulia siku zile kama mavuno. Mimi niliingia 1997, msichana wa kufua mashuka. Mwaka mmoja nyuma vita vilikuwa vimefika Uvira, kule ng'ambo, na boti zikawa zinashusha watu pwani yetu usiku na mchana. Kambi ya wakimbizi ya Lugufu ikafunguliwa. Wafanyakazi wa mashirika wakachukua vyumba kwa mwezi mzima, wakilipa dola. Vyumba kumi na vinne, vyote vimejaa. Nikitoka kazini napita bandarini, naona akina mama wa Kizaire wamelala juu ya vifurushi vyao, watoto wamewabana kwapani. Mshahara wangu ulitoka kwao, japo hawakunipa wao.

Niliolewa na meneja. Nyumba ilipokosa mtu wa kuiendesha tukaipanga, na 2008 tukakopa ili kila chumba kiwe na choo chake. Mwaka uliofuata Lugufu ikafungwa na wenye dola wakaondoka. Desemba ya mwaka huo huo mafuriko yakang'oa reli kule Kilosa, treni ikakatika kwa miezi. Vyoo kumi na vinne vipya, mgeni mmoja. Naye aliondoka alfajiri bila kulipa, alikuwa chumba namba saba.

Machi 2010 mume wangu alianguka na presha. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu mkopeshaji alimtuma kijana na karatasi. Kijana mwenyewe aliona aibu, akaiacha juu ya kaunta chini ya kikombe, akatoka kinyumenyume.

Watu wa msiba walikuwa bado wapo. Majirani walikuwa wamepanga mafiga uani, wanasonga ugali wa muhogo, wanachemsha migebuka ndani ya mawese, na harufu ilivuka ukuta hadi barabarani. Akaingia dereva mmoja na utingo wake. "Shikamoo mama. Sahani bei gani?" Wifi yangu alimfukuza kwa mwiko. Mimi nilikuwa nimelala mkekani, kanga usoni, na namwomba Mungu anisamehe: nilianza kupiga hesabu ya sahani hata arobaini haijafika.

Magodoro yalitangulia kuuzwa. Vitanda vilinigomea, kila mnunuzi alitaja bei ya kuni. Fundi seremala, kijana wa Ujiji, ndiye aliyevigongagonga akasema, "Dada, huu mninga mtupu. Unaugawa bure?" Akavipasua uani wiki mbili. Mbao za kichwani zikawa meza, za ubavuni mabenchi. Kuta za kutoka chumba cha kwanza hadi cha tano tukazibomoa. Nililia siku ya vumbi lile kuliko nilivyolia makaburini.

Chakula tulichouza kilitulisha, ila deni hakikuligusa. Ndipo bia ikaingia: kreti sita za mkopo kutoka kwa mama mmoja wa jumla, aliyeniamini kwa sababu ya marehemu. Mjomba wangu wa Ujiji, mtu wa swala tano, hakunigombeza. Aliendelea kuja kula mchana, ila akawa anapitia mlango wa jikoni, ngazi zake mbovu na yote, mpaka alipokufa.

Kazi ya baa nilifundishwa na mwezi. Anayevua dagaa kwa taa hana kazi mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaifuati taa yake. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wako nchi kavu na hela ya giza lililopita, wanataka muziki wa Kongo na kuhe wa kuchoma. Giza likirudi, wako ziwani, mimi nahesabu viti vitupu. Zamani nilisoma ratiba ya treni. Sasa kalenda iliyo ukutani kwangu nimeizungushia wino kwenye miezi mipevu, na kreti naagiza kwa kuifuata. Deni liliisha 2014.

Halafu Mei 15, 2024 Serikali ikafunga uvuvi ziwani miezi mitatu, samaki wapate kuzaliana. Sababu naielewa, migebuka ya siku hizi si ile niliyoikuta. Lakini watu walinihurumia kwa kukosa samaki, wakasahau kwamba waliokuwa wakimla kwangu ndio hao hao waliokuwa wakimvua. Nilipika kuku na maharage ya mawese. Waliokaa mabenchini wengi walikuja kuongea tu. Nikawapa chai, nikaandika daftarini. Daftari lile lilinipa usingizi mbaya kuliko karatasi ya 2010, maana safari hii mimi ndiye mdai, na nyumba zao nazijua. Agosti 15 ilipopita wakaanza kuingia mmoja mmoja, wengine na ndoo ya samaki badala ya hela. Nilipokea.

Vipande vya shaba vya funguo za vyumba sikuviuza. Nimevipigilia mezani, na wahudumu wangu, waliokuwa watoto wadogo hoteli ilipokufa, wanaita oda kwa namba hizo bila kujua zilikotoka. Juzi saa nne usiku binti mmoja alipaza sauti kutoka ukumbini, "Mama, namba saba anaondoka na hajalipa!"

Nilikimbilia mlangoni kabla sijafikiri.