Kamera na Kalamu, Kutoka Kitui Hadi Wote

Nguo ninazotengeneza huvaliwa na avata, wale watu wa kidijitali wanaotembea, kucheza ngoma na kufanya biashara katika dunia pepe. Second Life, iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya Marekani mwaka 2003, ni mojawapo ya dunia hizo, na Roblox, ambayo vijana wetu wengi wanaijua, ni nyingine. Humo vazi ni umbo lililovishwa tekscha, yaani picha bapa inayotandazwa juu ya umbo hadi macho yakubali kwamba hicho ni kitambaa. Tekscha hupatikana kwa njia mbili kuu: ama unapiga picha kitambaa halisi, ama unaichora mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Mafundi wa kazi hii wamebishana miaka mingi kuhusu njia iliyo bora. Nilitaka kuujaribu ubishi huo kwa mavazi na vyombo vya Ukambani, basi nikashika njia ya Kitui na Makueni nikiwa na simu ya kupigia picha na kalamu ya kuchorea.

Kitui mjini

Mafundi cherehani wamepanga mashine zao barazani mwa maduka ya vitambaa. Nilianza na leso. Mwenye duka alinikubalia kwa sharti moja: "Piga tu mwanangu, lakini isiguse chini." Vijana wawili wakainyoosha, mmoja kila upande.

Jua la mchana halifai kwa kazi hii. Kila kunjo hutupa kivuli, na kivuli kikishaingia kwenye picha hakitoki. Avata atageukia upande wowote, taa ya dunia pepe itamulika kutoka huku, na kivuli cha Kitui kitabaki kikielekeza kule. Tulisogea chini ya mwembe, weupe wa leso ukawa na ukijani wa majani. Tulipotoka pale, udongo mwekundu ukairudishia leso wekundu wake. Mahali palipofaa ni ndani ya kivuli cha baraza, juu ya saruji, na karatasi nyeupe pembeni ili nipate kusahihisha rangi baadaye. Msimu mzuri zaidi ni ule wa baridi wa Juni hadi Agosti, mawingu yanapotanda na nuru ikawa sawa kila upande.

Kisha kuna hesabu. Leso ina urefu wa sentimita 150 hivi. Kwa miaka mingi Second Life haikukubali picha inayozidi pikseli 1024 kwa 1024, na hata sasa fundi mwangalifu hataki faili nzito inayochelewa kufunguka. Ukiigawa leso kwa pikseli 1024, kila pikseli inabeba karibu milimita moja na nusu. Uzi wa pamba ni mwembamba kuliko hapo, kwa hiyo hauonekani kabisa. Kinachobaki ni rangi, pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina la leso, ambalo herufi zake ni kubwa vya kutosha kusomeka.

Hata hivyo, kwa leso kamera ilishinda. Rangi iliyochapwa huvuka mpaka wake kidogo hapa, ikapungua kidogo pale, na dosari hizo ndizo zinazolitambulisha vazi. Kalamu huchora pindo lililonyooka mno, na leso ikinyooka mno huonekana kama bango.

Syongila

Nje kidogo ya mji wa Kitui ndiko kilipo kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, ambacho Wakenya wengi walikifahamu mwaka 2020 kiliposhona barakoa wakati wa Korona. Kiwanda hicho kimeshona pia sare, na sare ndiyo iliyonifikirisha baada ya leso.

Shati la shule halina cha kupigiwa picha. Kitambaa chake ni rangi moja, kushoto hadi kulia. Kinacholifanya kuwa shati la shule ni mkato: kola, mfuko wa kifuani, mabega na mishono. Sasa tazama kiolezo cha shati la kawaida la Roblox. Karatasi nzima ni pikseli 585 kwa 559, na kifua chote cha avata kimepewa mraba wa pikseli 128 kwa 128. Chukua picha nzuri ya shati, ipunguze hadi ienee humo. Kifungo kinageuka doa, mshono unapotea, na mfuko unakuwa kivuli kisichojulikana kimetoka wapi.

Mkono hauna shida hiyo, kwa sababu mkono huchagua. Ili mshono wa mfuko uonekane, unachora mstari wa pikseli moja wenye rangi iliyokolea kuliko kitambaa, na ubavuni mwake mstari mwingine wa pikseli moja uliofifia. Macho yanaona bonde na tuta, yanaamini kwamba uzi umepita hapo na kuvuta kitambaa. Kwa vipimo vya kweli mshono huo ni mnene kupita kiasi, lakini kwa macho ya anayeutazama avata uko sawasawa. Michoro ya mkono ya mchezo wa World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, ilitegemea busara hiyohiyo ya kukuza kinachohitajika kuonekana na kuacha kinachochafua.

Barabarani

Kutoka Kitui nilishuka kusini kupitia Mutomo na Ikutha kwa barabara ya lami inayoelekea Kibwezi. Mto Athi ndio mpaka: ukiuvuka umeingia Makueni. Pande zote mbili mibuyu imesimama. Nilipiga picha za magome yake kwa ajili ya kazi za baadaye, kwa kuwa ukavu na mikwaruzo ya aina ile haichoreki kwa urahisi.

Kibwezi

Kibwezi ni nchi ya mkonge. Shamba la Dwa liko hapa, na mistari ya mimea yake yenye miiba inaenda hadi macho yachoke. Akina mama husokota nyuzi za mkonge pajani, wakasuka viondo kuanzia kitakoni, duara baada ya duara, rangi ikibadilishwa njiani.

Nilimwonyesha mama mmoja kiondo cha kuchora kinachouzwa katika dunia pepe. Alikitazama kwenye skrini kwa muda, akakivuta kwa vidole viwili kukikuza. "Huyu hajawahi kushika mkonge," akasema. "Ameweka matofali."

Alikuwa na haki. Ukikitazama kiondo kwa karibu, kila fundo limelala mshazari juu ya lile la chini, maana nyuzi mbili zinapishana zikizunguka wima wa tatu. Isitoshe, mama huyo alinionyesha jambo ambalo sijaona likifuatwa kwenye tekscha yoyote. Msuko haufungi duara, unapanda kama ngazi ya kuzunguka. Kwa hiyo mstari mwekundu ukizunguka kiondo chote haukutani na mwanzo wake. Unafika safu moja juu, na mahali hapo pana kidato kidogo ambacho msukaji hukiweka upande wa nyuma.

Hapo njia zote mbili zinahitajiana. Ukubwa wa kiondo unaruhusu kamera: kikiwa na mzunguko wa sentimita 90 na ushee, pikseli moja inabeba karibu milimita moja, na uzi wa mkonge uliosokotwa unapata pikseli mbili au tatu za kuonekana. Lakini kiondo ni duara, na picha ya duara hujibana pembeni. Basi nilipiga kipande cha ukubwa wa kiganja tu, kilichotazama kamera moja kwa moja. Kipande hicho ndicho kilichonipa ulalo wa mafundo na vinyweleo vya mkonge. Mistari ya rangi niliichora kwa mkono juu yake, na ncha ya kulia nikaipandisha safu moja ili iishie juu ya ncha ya kushoto kama ilivyo kwenye kiondo cha kweli. Mama akakagua tena. Safari hii aliuliza bei.

Wote

Swali lake lilinifuata hadi Wote, makao makuu ya Makueni, kwa sababu ni swali la haki. Kamera inachukua kazi ya mtu kwa sekunde moja. Kalamu inachukua taratibu zaidi, lakini inachukua vilevile: mpangilio wa rangi ulioigwa kwa mkono bado ni wa aliyeubuni. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, na sheria hiyo inadai ridhaa ya jamii kabla mtu wa nje hajatumia kazi zake. Dunia pepe haikuondolewa humo. Kiondo kikiuzwa mara elfu kwa avata wa Marekani na Ulaya, msukaji wa Kibwezi anastahili sehemu yake katika kila mauzo, na makubaliano hayo yafanywe kabla ya picha kupigwa.

Daftari langu basi linasema hivi. Kitambaa kilichochapwa, gome na nyuzi nene, tumia kamera. Mkato, mshono, kifungo na mkunjo, tumia kalamu. Kilichosukwa, anza na kamera umalize na kalamu, na umwite aliyekisuka akikague. Programu za kazi hii, GIMP, Krita na Blender, hazilipiwi hata senti, na kijana wa Kitui au Wote mwenye kipakatalishi cha kawaida ana jambo ambalo fundi wa mbali hana: anaweza kwenda kwa nyanya yake leo jioni, akamuuliza kidato cha kiondo kimekaa wapi.