Sikio Katika Ardhi ya Magadi

Mtu aondokaye Nairobi kwenda Magadi hushuka sana. Barabara huvuka bega la milima ya Ngong, penye baridi na mashamba ya mahindi, kisha huteremka ngazi kwa ngazi, kama mtu ashukaye kutoka darini, kupita Olorgesailie mpaka ziwani, mwendo wa kilomita 110 hivi. Huko chini ni meta 600 tu juu ya bahari, na jua huwaka juu ya magadi meupe hata macho yakauma. Msomaji asidhani kuwa ngazi zile zilichongwa na mvua. Ni mahali ambapo ardhi ilipasuka zamani, na upande mmoja ukadidimia. Kazi hiyo haijakwisha bado.

Nilizishuka ngazi hizo nikifuatana na vijana watatu waliokwenda kuweka chombo cha kupimia matetemeko ya ardhi. Garini mlikuwa na saruji, majembe, betri mfano wa ile ya lori, paneli ya sola, na sanduku moja ambalo hatukuruhusiwa kuweka kitu juu yake.

Kazi ya kwanza si kuchimba, bali kutafuta mahali. Chombo hiki kina sikio kali mno. Upepo ukitikisa mti, mizizi hutikisa udongo, nacho husikia. Ng'ombe wakipita, husikia. Lori likipita mbali, husikia vilevile. Kwa hiyo hutakiwa mwamba imara, mbali na miti na barabara. Lakini hutakiwa pia pawe karibu na boma la mtu, kwa maana chombo kisicho na mlinzi hakidumu.

Tulipopata mahali pazuri, tulimwendea mzee mwenye boma la karibu, tukamwamkia, tukaketi kivulini. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Wanangu, kitu hiki kitatuambia siku ambayo ardhi itatikisika?"

Mkubwa wa vijana wale hakumdanganya. "La, mzee. Siku haijulikani na mtu yeyote."

"Basi faida yake nini?"

"Mzee, apimaye mvua miaka mingi hajui itanyesha siku gani, lakini ajua ni miezi gani ya kutumaini, na ni bonde lipi hufurika. Nasi twataka kujua ardhi hupasuka wapi, na kwa nguvu gani, ili watu wajue wajenge wapi na wajenge namna gani."

Mzee akafikiri, akasema, "Chimbeni."

Shimo lilichimbwa kwa taabu, kina chake kama meta moja, chini yake pakamwagwa saruji. Chombo kilikalishwa sawa kwa pimamaji, kikaelekezwa kaskazini kwa dira, kikafukiwa. Waya zilipitishwa ndani ya mpira mgumu, kwa sababu panya huzitafuna na magadi huzila. Mwisho tulizungusha ua wa miiba.

Jioni niliuliza kwa nini vyombo vingi vinahitajiwa. Nikaelezwa kuwa tetemeko hutuma mitikisiko miwili: wa kwanza una mbio, wa pili huja nyuma, kama umeme na radi. Kadiri wa pili unavyochelewa, ndivyo tetemeko lilivyo mbali. Chombo kimoja hujua umbali tu. Vikiwa vitatu au zaidi, mahali penyewe hujulikana. Ndiyo maana saa zao hazina budi kupatana kabisa, nazo hurekebishwa kwa setilaiti.

Katika miaka ya 2013 na 2014 vyombo karibu 40 viliwekwa kati ya Magadi, Natron na Manyara. Viliandika matetemeko mengi madogo ambayo watu hawakuyahisi, mengine yakitoka kilomita zaidi ya 20 chini ya ardhi, penye mipasuko ambayo gesi ya kaboni hupandia kutoka vilindini.

Jambo hili si la Magadi peke yake. Usiku wa tarehe 6 Januari, 1928, ardhi ilipasuka Subukia kwa urefu wa kilomita zaidi ya 30. Mwezi wa Julai 2007 matetemeko ya Gelai, karibu na Natron, yaliwafanya watu wa Nairobi kukimbia kutoka katika majumba marefu. Leo majumba hayo yameongezeka sana.

Baada ya miezi minne tulirudi. Ng'ombe walikuwa wamevunja ua, na mzee alikuwa ameujenga upya bila kuambiwa. Paneli ilikuwa imepanguswa vumbi. Ndani ya sanduku kumbukumbu zote zilikuwamo, bila kukosa hata siku moja. Kijana alipomshukuru, mzee alijibu, "Mlinieleza kweli, nami nimelinda."

Basi, msomaji, ukikuta sanduku na paneli ndani ya ua mahali pa upweke, usiviguse. Paneli ile yaweza kuwasha taa katika nyumba moja. Lakini siku moja isiyoandikwa haiandikwi tena, na huenda ndiyo siku ambayo ardhi ilikuwa na neno la kutuambia.