Jina la Mrithi kwenye Fomu

Nilipoanza ukarani katika ofisi ya wakili karibu na mahakama ya Kakamega, katikati ya miaka ya 1980, kibali cha kazi kilihesabiwa kuwa shida ya mgeni mwenyewe. Mwajiri alituletea pasipoti, vyeti na picha, akaaga. Kama kibali kilichelewa, aliyehangaika ni mgeni. Siku hizi mwajiri ndiye anayeketi mbele ya meza yangu na kuulizwa maswali, na ndivyo inavyostahili.

Sheria tuliyoifuata wakati huo ilikuwa ya 1967. Wakili wangu, mzaliwa wa mji huu, aliniambia jinsi sheria hiyo na ile ya leseni za biashara ya mwaka uo huo zilivyoubadilisha mtaa wa maduka. Wahindi wenye pasipoti za Uingereza walianza kufunga biashara, na wengine walikimbilia ndege kabla Uingereza nayo haijawazibia njia kwa sheria yake ya Machi 1968. Nia ya serikali yetu ilikuwa kazi zishikwe na Wakenya. Nia hiyo naiunga mkono mpaka leo. Mwendo wake ndio ulionisumbua.

Kila faili ilikuwa na barua ya mwajiri, nakala ya tangazo la kazi gazetini kuonyesha kwamba Mkenya wa kuifanya hajapatikana, vyeti vya mgeni, na dhamana ya kumrudisha kwao akikwama. Niliipakata kwenye basi la usiku hadi Nairobi, nikapanga foleni Nyayo House, kwenye ofisi za Uhamiaji, nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Faili zilikuwa za masista na madaktari wa hospitali za misheni, za mafundi wa mitambo ya sukari kutoka India, na za walimu Waganda waliokimbia utawala wa Amin, wakafundisha hesabu na sayansi katika shule zetu hata wakawa wenyeji.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Imeandikwa waziwazi humo kwamba ni wajibu wa mwajiri kuomba na kupata kibali kabla mgeni hajaingia nchini au hajaanza kazi. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kibali cha ajira, kilichokuwa daraja A, kikawa daraja D. Nilikaa na sheria hiyo jioni nyingi nikiichambua, kwa sababu waajiri waliokuja kwetu waliamini kwamba wakishalipa ada wamemaliza. Sivyo. Kibali kimefungwa kwa kazi moja na mwajiri mmoja: fundi wa boila hawezi kufanywa meneja wa mauzo, wala kuazimwa kwa kampuni ya shemeji. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 lazima aandikishwe. Kodi yake ikatwe kwenye mshahara na ifike Mamlaka ya Mapato (KRA). Daktari apate idhini ya baraza la madaktari, na mhandisi ya bodi ya wahandisi. Akiacha kazi, Uhamiaji iarifiwe kwa maandishi.

Halafu kuna jirani. Tangu soko la pamoja la Afrika Mashariki lianze Julai 2010, waajiri wengi huku walidhani Mganda hahitaji karatasi yoyote. Alichosamehewa ni ada ya kibali. Kibali chenyewe bado kinatakiwa, na mwalimu aliyevuka mpaka wa Busia asipoombewa, anayeanza kumkosea ni shule iliyomwajiri.

Mwaka 2018, waziri Fred Matiang'i alipotoa siku 60 za kuhakiki vibali vya wageni wote, simu yetu haikupumzika. Wapo waajiri waliofungua kabati kwa mara ya kwanza baada ya miaka, wakakuta kibali kilikwisha, au kina jina la kampuni nyingine kabisa. Sasa maombi hupita mtandaoni. Naiona hatua ya faili ikisonga nikiwa hapahapa Kakamega, na basi la usiku silikumbuki kwa hamu hata kidogo.

Lakini kuna sehemu moja ya fomu ambayo kompyuta haikuibadilisha. Mwajiri hutakiwa kumtaja Mkenya atakayejifunza kazi ya mgeni ili airithi. Kwangu hiyo ndiyo roho ya kibali. Mgeni anaruhusiwa kwa kuwa ujuzi haupo, na mwajiri anaahidi kwamba utakuwepo. Nimeiona ahadi hiyo ikitimizwa: katika hospitali moja ya misheni, sista aliyesimamia maabara alifundisha kijana wa Shinyalu, akamwachia funguo na rejesta miezi kadhaa kabla ya kuondoka, ili yakitokea makosa yatokee yeye akiwa bado yupo wa kuulizwa.

Nimeona na kinyume chake. Tulipokuwa tukiomba upya kibali cha mhandisi wa mwajiri mmoja, nilimpigia simu mrithi aliyetajwa ili anipe nakala za vyeti vyake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mimi niko stoo. Huyo mzungu hata jina langu halijui." Jina lake lilikuwa limewekwa kwenye fomu ya kwanza miaka miwili nyuma, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwonyesha hata mchoro mmoja wa mtambo. Alikuwa na diploma ya uhandisi. Nilikasirika, na sijaacha kukasirika, kwa sababu serikali ilimpokea mgeni kwa jina la kijana huyu, naye hakupata chochote.

Nilimweleza wakili, naye akakataa kuwasilisha ombi lile. Tangu hapo ofisi yetu ina utaratibu: mrithi huja mwenyewe, hukaa na mgeni na mwajiri meza moja, husoma mpango wa mafunzo na kutia sahihi, na hupewa nakala yake. Kila baada ya miezi sita nampigia simu yeye kwanza, kabla ya mwajiri. Kuna wateja waliotuhama kwa ajili hiyo. Waliobaki hunipa namba ya mrithi pamoja na pasipoti ya mgeni, bila kuulizwa.